Saini mbili ndani ya programu moja: kisa cha filamu zilizogoma kwenye Windows

Kisa hiki kinahusu kampuni ndogo inayoonyesha filamu na tamthilia kwa malipo ya mwezi, katika jiji moja la Afrika Mashariki. Jina la kampuni, jiji, wenye filamu na vyeo vya wahusika nimeviondoa. Niliitwa kusaidia tatizo lilipokuwa limeshafika kwa wateja, na kampuni imekubali nikiandike kwa ajili ya timu nyingine zinazotaka kutengeneza programu ya kuchezea video zenye ulinzi. Ni timu nyingi kuliko zamani, na wengi huanza kuwaza habari ya saini siku ya kutoa toleo, wakati ambapo mengi yameshaamuliwa bila wao kujua.

Usuli

Kampuni ilikuwa na tovuti iliyofanya kazi vizuri kwenye Chrome na Edge. Maktaba yake ilikuwa na pande mbili. Upande mmoja ni filamu za Kiswahili ambazo kampuni iligharimia yenyewe. Upande wa pili ni tamthilia za nje, zilizokodishwa kwa mkataba wenye kurasa nyingi za masharti ya ulinzi.

Wateja walikuwa na ombi moja kubwa, nalo ni la bando. Walitaka kupakua wakiwa ofisini au chuoni kwenye Wi-Fi, kisha watazame nyumbani bila kugusa intaneti. Timu ikaona heri iwe na programu yake ya kompyuta inayosimamia upakuaji, kuliko kutegemea nafasi ambayo kivinjari hutoa na kuifuta kinapobanwa.

Wakachagua Electron, zana ya kutengenezea programu za kompyuta kwa teknolojia ya tovuti, kwa kuwa walishaandika tovuti yote kwa JavaScript na Electron imejengwa juu ya Chromium, msingi uleule wa Chrome. Electron ya kawaida haiji na Widevine, mfumo wa Google wa kufungua video zilizofungwa kwa ufunguo, kwa hiyo wakachukua tawi la Electron, yaani nakala iliyorekebishwa, linalotunzwa na castLabs, kampuni ya Ujerumani. Tawi hilo hushusha moduli ya Widevine lenyewe programu inapofunguliwa mara ya kwanza. Hadi hapo uamuzi ulikuwa mzuri, na bado nausimamia: kwa timu ya watu wachache, njia nyingine ingewachukua muda mrefu mno.

Saini inayodaiwa ni ipi

Mtu akisikia "kutia saini programu" hufikiria saini ya mfumo wa kompyuta. Kwenye Windows saini hiyo huambatishwa kwenye faili la programu, na kazi yake ni kumwambia mtumiaji nani ametengeneza programu na kwamba haijaguswa njiani. Kwenye macOS, Apple hudai saini ya aina hiyo pamoja na ukaguzi wa seva zake, na tangu macOS 10.15 programu inayogawiwa nje ya duka lao isiyopitia ukaguzi huo huzuiwa inapofunguliwa. Saini hii humlinda mwenye kompyuta.

Widevine inadai saini ya pili, na hii humlinda mwenye filamu. Inaitwa VMP (Verified Media Path, yaani njia ya video iliyothibitishwa). Ukiwa na Chrome kwenye Windows unaweza kuiona kwa macho yako: fungua folda ilikosakinishwa, ingia kwenye folda ndogo yenye namba ya toleo, utakuta faili dogo linaloitwa chrome.exe.sig. Chrome inapoanzisha moduli ya Widevine, huikabidhi faili lake kuu pamoja na hilo faili la .sig. Moduli hulinganisha. Swali lake ni moja: je, programu iliyonibeba ni ile iliyoidhinishwa, au kuna mtu ameikata na kuiunga ili achote picha zikishafunguliwa?

Jambo ambalo timu nyingi hulikosa ni kwamba moduli haigomi. Ikikuta saini mbaya inaendelea kufanya kazi kama kawaida, ila kwenye ombi la leseni, yaani ruhusa inayobeba ufunguo wa kufungua video, huandika hali iliyoikuta. Ikiwa saini haipo, hali ni PLATFORM_UNVERIFIED. Ikiwa ipo lakini haifanani na faili, ni PLATFORM_TAMPERED, yaani programu imechezewa. Ikiwa sawa, ni PLATFORM_SOFTWARE_VERIFIED. Seva ya leseni ndiyo huamua itoe ufunguo au isitoe, na huamua kwa sera aliyoiweka mwenye huduma. Sera ikiwa legevu, programu yenye saini iliyovunjika itacheza filamu bila kulalamika. Sera ikikazwa, programu ileile inagoma, na kwenye kompyuta ya mteja hakuna kilichobadilika hata kidogo.

Wazo lenyewe si geni. Windows Vista ilipofika kwa wateja mwaka 2007 ilikuja na njia iliyolindwa ya video na sauti, ambamo kila kipande cha programu kilichotaka kuingia kilipaswa kuwa na saini inayotambuliwa na Microsoft. Kilichobadilika ni mlinzi: zamani alikuwa mfumo wa kompyuta, sasa anakaa kwenye seva ya mbali.

Yaliyotokea

Kwa muda wote wa ujenzi timu ilijaribu programu yake dhidi ya seva ya majaribio. Tawi la Electron walilotumia huja na saini ya VMP ya maendeleo, na seva ya majaribio huikubali. Filamu zilicheza. Hakuna aliyekuwa na sababu ya kuuliza kuhusu saini.

Toleo la wateja lilihitaji saini ya VMP ya uzalishaji. castLabs hutoa huduma ya kuitia, kwa zana ndogo ya Python inayoendeshwa kwenye mstari wa amri. Mhandisi mmoja alifungua akaunti kwa barua pepe yake binafsi, akaunganisha zana hiyo na mtambo wao wa kujenga matoleo, na akaongeza hatua ya kuhakiki: mtambo unajenga programu, unatia saini ya VMP, unahakiki saini, na ukikuta kasoro unasimama. Hatua hiyo ya uhakiki ilipita kila mara. Ilikuwa ya kijani siku ya toleo pia.

Kwa upande wa Windows kulikuwa na kero nyingine. Tangu tarehe 1 Juni 2023, mtu hawezi tena kupewa cheti cha kusaini programu ambacho ufunguo wake wa siri unakaa kwenye faili la kawaida. Ufunguo lazima uwe ndani ya kifaa cha usalama, ama tokeni ya USB ama huduma ya wingu ya aina hiyo. Kampuni ilinunua tokeni. Tokeni haiwezi kuchomekwa kwenye mtambo wa kujenga uliokodishwa wingu, kwa hiyo ilikaa ofisini, kwenye kompyuta ya msimamizi wa mifumo. Utaratibu ukawa huu: mtambo unamaliza kazi, msimamizi anashusha kifurushi, anachomeka tokeni, anaandika nywila, anatia saini ya Windows kwenye faili la .exe, kisha anatengeneza kisakinishi na kukipandisha kwenye tovuti.

Toleo likatoka. Watumiaji wa Mac walitazama bila shida. Watumiaji wa Windows, ambao ndio wengi, walifungua programu, wakaingia kwenye akaunti, wakachagua filamu, na kiduara kikazunguka bila mwisho. Filamu za Kiswahili zilikuwa chini ya sera ileile ya leseni, nazo zikagoma vilevile.

Kutafuta chanzo

Kwa kuwa Mac ilikuwa salama na mtambo ulikuwa wa kijani, timu iliiondoa saini kwenye orodha ya washukiwa tangu mwanzo. Wateja waliambiwa wasasishe kiendeshi cha kadi ya picha. Wengine waliambiwa wazime antivairasi. Wachache waliambiwa wabadilishe waya wa skrini, kwa dhana kwamba HDCP, ulinzi wa picha inayopita kati ya kompyuta na skrini, ndio unaokataa. Kila ushauri ulikuwa na mantiki yake kwa mtu anayekisia, na kila mmoja ulimpotezea mteja jioni.

Kilichofungua fundo ni kumbukumbu za seva ya leseni. Kampuni haikuwa imeomba kuzipata kwa kina. Mtoa huduma wa leseni alizitoa baada ya kuombwa rasmi. Maombi yote yaliyokataliwa kutoka programu ya Windows yalikuwa na neno moja: PLATFORM_TAMPERED.

Neno hilo lilitosha kupunguza uwanja. Kama ingekuwa UNVERIFIED, tungetafuta faili la .sig lililopotea wakati wa kufungasha. TAMPERED maana yake saini ipo, na faili lililosainiwa siyo lililopo sasa. Tukachukua kompyuta safi ya Windows, tukasakinisha programu kama mteja, tukafungua folda yake. Faili la .sig lilikuwa na saa ya asubuhi. Faili la .exe lilikuwa na saa ya jioni ya siku hiyohiyo. Tukapiga hesabu ya SHA-256, inayotoa alama ya utambulisho kutokana na yaliyomo kwenye faili, ya .exe hiyo na ya ile iliyobaki kwenye mtambo: hazikufanana. Kati ya asubuhi na jioni kulikuwa na jambo moja tu, tokeni ya msimamizi.

Saini ya Windows hukaa ndani ya .exe yenyewe, kwa hiyo kuitia ni kuliandika upya faili. Saini ya VMP, iliyokaa pembeni ikishuhudia faili la asubuhi, ikawa inashuhudia kitu ambacho hakipo tena. Kwa mtazamo wa Widevine hakuna tofauti kati ya msimamizi mwaminifu mwenye tokeni halali na mwizi wa filamu: wote wawili wamelibadilisha faili baada ya kuidhinishwa.

Na kwa nini Mac ilipona? Kwa sababu huko mpangilio unaotakiwa ni wa kinyume. Muhuri wa Apple hufunika mafaili yote yaliyomo ndani ya kifurushi cha programu, likiwemo .sig, kwa hiyo .sig lazima iwepo kabla ya muhuri. Ukiiongeza baadaye unauvunja muhuri. Kwenye macOS, VMP hutangulia. Kwenye Windows, VMP hufuata. Maelekezo ya huduma yanasema hivyo waziwazi, na mhandisi alikuwa ameyasoma. Lakini aliandika hatua zake akiwa na mtambo mmoja kichwani, na saini ya Windows haikuwa kwenye mtambo huo. Ilikuwa kwenye meza ya mtu mwingine, ambaye hakuwahi kuambiwa kwamba kuna saini ya pili.

Maamuzi na sababu zake

Kabla chanzo hakijajulikana, kulikuwa na shinikizo la kulegeza sera ya seva. Hoja ya idara ya mauzo ilikuwa ya kweli: wateja wamelipa, hawaoni kitu, na wiki moja ya kufungua mlango haitaua mtu. Uongozi ulikataa kwa tamthilia za nje, kwa sababu mkataba ulidai programu iliyothibitishwa, na kuvunja sharti hilo kungeweza kuwaondolea maktaba nzima. Nilikubaliana nao, na ningekubaliana hata kama mkataba usingesema. Kukubali UNVERIFIED kwa muda ni jambo linaloweza kujadiliwa. Kukubali TAMPERED ni kumpa leseni mtu ambaye saini yake inakwambia ameingilia programu, na huna njia ya kumtofautisha na mteja wako.

Kwa filamu za kampuni yenyewe walikata shauri tofauti: wakaifungua sera ikubali hali yoyote, kwani mwenye mali ni wao. Sikuupenda uamuzi huo lakini ulikuwa haki yao, na uliwatuliza wateja wengi kwa siku zile.

Kisakinishi cha Windows kiliondolewa kwenye tovuti, na wateja wakaelekezwa kutazama kupitia Chrome au Edge. Waliokuwa wamelipia kwa ajili ya kupakua waliongezewa muda. Ilikuwa gharama, lakini ilinunua utulivu wa kurekebisha bila papara.

Marekebisho yenyewe yalikuwa madogo kuliko mjadala wake. Kwa Windows, hatua ya VMP iliondolewa kwenye mtambo na kuhamishiwa kwenye kompyuta yenye tokeni, baada ya saini ya Windows na kabla ya kutengeneza kisakinishi. Kwa muda walifanya hivyo kwa hati fupi inayoendeshwa na msimamizi. Umeme ulipokatika katikati ya toleo moja na kompyuta hiyo kuzimika, wakaona kutegemea meza moja hakufai. Wakahamia huduma ya wingu inayotunza ufunguo kwenye kifaa chake cha usalama, na sasa saini zote mbili zinatiwa kwenye mtambo mmoja, kwa mfuatano ulioandikwa.

Hatua ya uhakiki nayo ilihama. Zamani ilihakiki folda iliyotoka kwenye ujenzi. Sasa mtambo huchukua kisakinishi kilekile kitakachopandishwa, hukisakinisha kwenye Windows safi, na kuhakiki saini ndani ya folda iliyosakinishwa. Kisha hucheza video fupi dhidi ya seva ya leseni yenye sera ileile ya wateja. Jaribio hilo la mwisho ndilo ninalolithamini zaidi ya yote, maana linapima kitu ambacho mteja atakigusa.

Matokeo

Toleo lililofuata lilicheza kwenye Windows na Mac. Kukatokea tatizo la pili ambalo nalitaja kwa sababu linaingia kwenye mlango uleule. Kutazama mtandaoni kulikuwa sawa, lakini upakuaji, ambao ndio ulioanzisha mradi mzima, ulikataliwa. Huduma ya saini hutofautisha saini ya kutazama mtandaoni na saini ya leseni za kuhifadhiwa. Ya pili huombwa kwa chaguo la ziada kwenye amri. Timu ilitumia ya kwanza kwa sababu ndiyo inayokuja bila kuomba. Safari hii hawakukisia: walifungua kumbukumbu za seva kwanza, wakaona sababu, wakabadilisha amri, wakatoa toleo jipya.

Baadaye mhandisi mwenye akaunti ya saini alienda likizo, idhini ya akaunti ikaisha muda, na mtambo ukakwama. Akaunti sasa ni ya kampuni, kwa barua pepe ya idara.

Kilichofanya kazi na kilichoshindikana

Kukataa kulegeza sera ya tamthilia za nje ndiko kulikookoa mkataba. Miezi iliyofuata mwenye haki alituma dodoso la ukaguzi, na kampuni iliweza kujibu kwamba hakuna leseni ya maudhui yake iliyotolewa kwa programu isiyothibitishwa. Jibu hilo lisingewezekana kama mlango ungefunguliwa hata kwa siku chache, kwa kuwa kumbukumbu zinaonyesha kila leseni.

Dodoso hilohilo lilifichua lililoshindikana. Ile sera ya "hali yoyote" kwa filamu za kampuni ilikuwa bado wazi, muda mrefu baada ya sababu yake kuisha. Hakuna aliyepewa kazi ya kuifunga. Hapakuwa na tarehe ya mwisho kwenye uamuzi, na aliyeubadilisha kwenye seva aliuona kama mpangilio wa kawaida. Baadhi ya filamu zilizoingia kwenye kundi hilo baadaye zilikuwa za watayarishaji wa nje ya kampuni, vijana waliokabidhi kazi zao wakiamini zinalindwa sawa na tamthilia za kigeni. Hili linaniuma kuliko kiduara cha Windows. Mtayarishaji mdogo hana mwanasheria wa kutuma dodoso. Ulinzi wake ni uaminifu wa anayeshika seva. Ningetaka sera ya dharura iandikwe pamoja na tarehe ya kuisha, na seva iizime yenyewe tarehe hiyo ikifika.

Uhakiki wa kijani uliwapotosha, lakini sidhani kosa ni la chombo. Chombo kilisema ukweli kuhusu faili lililokuwa mbele yake. Kilichokosekana ni mtu mmoja kuchora njia nzima ya faili, kutoka kwenye msimbo hadi kwenye kompyuta ya mteja, na kuuliza ni nani analigusa na lini. Njia hiyo ilipita kwa watu wawili ambao kila mmoja alijua saini moja. Tulipoichora ubaoni, kosa lilionekana kabla hatujamaliza mstari wa tatu.

Seva ya majaribio iliyolegea ilichangia pia. Ninaelewa kwa nini ilegezwe mwanzoni, ili kazi isikwame kila mtu anapobadilisha mstari. Lakini timu haikuwahi kuwa na mahali pa kujaribu sera kali kabla ya wateja. Seva moja ya majaribio yenye sera ya kweli, inayotumika kwa matoleo yanayokaribia kutoka, ingeonyesha TAMPERED siku ya kwanza.

Bado kuna jambo halijapata dawa. Chuo kimoja kilichonunua huduma kwa maabara yake kinatumia Linux kwenye kompyuta zote, na kwa Linux hakuna VMP: programu yoyote huko itaonekana haijathibitishwa, hata ingejengwa na nani. Kampuni imekipa filamu zake yenyewe kupitia kivinjari, kwa ubora wa chini, na watayarishaji wa nje wameombwa idhini mmoja mmoja kabla kazi zao hazijaingizwa kwenye orodha hiyo. Wengine wamekubali, wengine wamekataa, na orodha ya chuo ni fupi kuliko walivyotarajia.